Hamu Iliyohama

Jua lilikuwa linazama Fundi alipofunika cherehani, akakunja magauni matatu ya Mwalimu na kutoka kuyapeleka. Nyayo zilimwaka moto. Mwaka ule wote hakushona nguo mpya hata moja; kazi ilikuwa kupunguza tu. Tangu zije zile sindano za kukata hamu ya chakula, wateja wake walikuwa wakiyeyuka kama mshumaa, na kila mmoja alimletea kabati zima.

"Wao wanapungua, wewe unanenepa," mumewe alimtania. "Nani anakulisha, mke wangu?"

Mume alicheka peke yake.

Fundi alikuwa na kisukari. Miaka tisa chai yake haijui sukari. Lakini wiki tatu hizi alitamani mkate uliolowekwa kwenye maziwa ya kopo, kitu ambacho hajawahi kukila maishani. Kisha utamu ukaanza kuja wenyewe... mdomo ukiwa umefungwa. Asubuhi ile nesi wa kliniki alikitazama kipimo cha sukari mara mbili.

"Mama, unakula nini?"

"Mboga. Na maji."

"Mama..."

"Nimekwambia mboga, mwanangu."

Nesi hakubishana. Naye alikuwa amechoka.

Mlango wa Mwalimu ulifunguliwa na mdogo wake, mwanamke mwenye macho mekundu ya kukesha. "Karibu, dada. Yuko chumbani. Ngoja nimtolee uji."

Chumba kilinuka dawa na shuka zisizoanikwa. Mwalimu, ambaye zamani akipita mlangoni mlango unaonekana mdogo, alikuwa ameketi kitandani kaegemea mito. Fundi akamzungushia utepe kiunoni, kwa mazoea tu. Akausoma.

Akausoma tena.

Kilikuwa kiuno cha mtoto wa darasa la pili.

"Hujaacha zile sindano?"

"Niliacha mwezi uliopita." Sauti yake ilikwaruza kama karatasi. "Hamu haikurudi."

"Basi ule kwa nguvu."

"Nakula, Fundi. Mdogo wangu ananilisha kutwa. Chakula hakina ladha... na hakifiki."

Jikoni, kijiko kiligonga sufuria.

Mwalimu akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Mkate na maziwa ya kopo," alinong'ona. "Bado ni mtamu?"

Fundi alihisi nywele zikimsimama. Hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe.

"Mama yangu alikuwa akinipa nikiumwa. Siku uliponipima magauni haya, wiki tatu zilizopita, ulinichoma kwa pini hapa kiunoni, ukajichoma na wewe kwa pini ileile. Tukacheka, wakumbuka? Tangu siku ile, mimi..." Pumzi ikamwishia.

Mdogo wake akaingia na bakuli la uji. Harufu ya sukari ilitangulia.

"Usimtilie sukari," Fundi alisema.

"Usio na sukari anautema. Na asipomeza kitu, dada, kesho haioni."

"Mimi nina kisukari."

Yule mwanamke alimtazama kama anayemtazama mgonjwa wa pili katika nyumba ileile. "Lakini huu si wako."

Fundi angeweza kulipiga lile bakuli likamwagika. Mkono ulishainuka. Akaiona shingo ya Mwalimu, nyembamba, mishipa imesimama, na mkono ukashuka wenyewe. Mtu humnyimaje mgonjwa uji?

Mwalimu alikitazama kijiko, kisha akamtazama yeye.

"Nisamehe," alisema.

Akafungua mdomo.

Shingo ile ikameza, na utamu ukateremka kooni mwa Fundi. Wa moto, mzito, hadi kifuani.

Alitoka bila kuaga. Taa za barabarani zilikuwa zinaanza kuwaka, kila moja na ukungu wake. Alitema mate. Haikusaidia.

Kijiko cha pili kilimkuta getini.

Cha tatu kilimkuta mbele ya duka la dawa, muuzaji akiteremsha mlango wa chuma. Fundi alitaka kumwita. Amwambie nini? Kwamba kuna mtu anakula, na anayeshiba ni yeye?

Kiu ilimkausha ulimi. Miguu haikutaka tena kwenda. Akaketi ukingoni mwa barabara, akavua viatu, akajaribu kukumbuka lile bakuli lilikuwa kubwa kiasi gani.