Mkono wa Irakoze

Kila asubuhi, kabla ya kukoroga uji, Consolatha alimfunga Irakoze kwenye nguzo ya jiko. Alitumia kamba ya mgomba. Aliizungusha kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, akakaza fundo, kisha akawasha moto.

Hakuwa mkatili. Alimpenda mtoto yule kama wa tumbo lake. Lakini alikuwa mlezi peke yake kwenye kituo kizima cha watoto, na Irakoze alikuwa hodari wa kutoweka. Ukigeuka tu, hayupo.

Kituo kilikuwa Kibimba, wilaya ya Ngara. Miaka ile vita vya Burundi vilikuwa vikisukuma watu mpakani, na watoto waliopotezana na wazazi waliletwa pale. Irakoze alikuwa na umri wa kama miaka minane. Hakusema neno wala hakumtazama mtu usoni. Alipenda kitu kimoja: kuchota maji kwa kopo na kuyamimina, akachota tena na kumimina, kutwa nzima.

“Amechanganywa na vita huyo,” walisema majirani. Wengine walisema amerogwa.

Siku moja nesi Deodata alikuja kutoka zahanati kuwapima watoto uzito. Irakoze akafunguliwa ili naye apimwe. Nesi akaona mkono wake umechubuka.

“Mama Consolatha, hiki kidonda ni cha nini?”

“Ni kamba, nesi. Nisipomfunga atatumbukia kwenye mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali kule bondeni.”

“Na moto ukishika jiko hili, atakimbiaje akiwa amefungwa? Hawezi hata kuita mtu.”

Consolatha aliligeukia jiko. Hilo hakuwahi kuliwaza. Alipogeuka kumtazama mtoto, kamba ilikuwa chini na Irakoze hayupo.

Mzee Matiasi, msimamizi wa kituo, alifanya kama wanavyofanya watu wote mtoto anapopotea kijijini. Alipiga yowe. Majirani wakatoka mashambani mbio, wakagonga madebe na kuita kila upande.

“Irakoze wee! Irakoze!”

Mtoto mwingine angesikia, akaitika. Consolatha alimwona kwa mbali kati ya migomba, ameziba masikio kwa mikono. Kila debe lilipogongwa alizidi kukimbia, akielekea bondeni kwenye mashimo.

“Mzee, wanyamazishe!” Deodata alisema. “Kelele zinamuumiza. Ndizo anazozikimbia. Mama, mtoto huyu anapenda nini?”

“Maji,” alijibu Consolatha. Mashimo yale yalikuwa na maji, na huko ndiko mtoto alikokuwa akienda.

Madebe yakanyamaza. Consolatha alichukua kopo na karai, akateremka. Nesi alimfuata nyuma kwa mbali. Irakoze alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo kubwa kuliko yote. Mvua zilikuwa zimelijaza, na miguu yake ilikuwa tayari kwenye tope linaloteleza.

Consolatha alitamani kumrukia na kumkamata. Alijizuia. Aliketi chini kando ya mfereji uliopita karibu na shimo, akachota maji, akayamimina kwenye karai polepole. Akachota tena, akamimina tena.

Irakoze aliondoa mikono masikioni. Aligeuka. Akaja, akaketi, akalichukua lile kopo. Consolatha alilia kimya, asije akamshtua.

Jioni ile Deodata aliwakusanya watu wa kituo na majirani.

“Hali hii inaitwa usonji,” alisema. “Mtoto huzaliwa nayo. Haikuletwa na vita, haikuletwa na uchawi, wala si kosa la mama yake. Watoto wengi wa namna hii huvutwa na maji, lakini hawaijui hatari yake.”

“Sasa tufanyeje, nesi?” aliuliza Matiasi. “Tukimwacha hivi hivi atakufa.”

“Wawepo walezi wawili, wapeane zamu. Anayeondoka amkabidhi mwenzake mtoto, mkono kwa mkono. Zungusheni ua, komeo liwe juu. Yale mashimo yafukieni. Akipotea, nendeni kwenye maji kwanza, na mwende kimya. Na hapa mpeni maji yake ya kuchezea, mtu akiwa karibu naye. Hata kwenye karai asiachwe peke yake.”

“Na kamba?” aliuliza Consolatha kwa sauti ndogo.

“Mtoto hafungwi, mama.”

Kesho yake Consolatha aliingia jikoni bila kamba. Irakoze akaenda mwenyewe kwenye nguzo. Akasimama, akanyoosha mkono, akangoja kufungwa.

Hakuna kilichomuuma Consolatha kama kile. “Nisamehe, mwanangu,” alisema, akamwekea kopo mkononi.

Matiasi alileta mlezi wa pili, Koleta. Majirani wakajenga ua wa matete na kuyafukia mashimo. Kidonda cha Irakoze kikapona, kikaacha alama. Hata hivyo, kila asubuhi alisimama pale pale kwenye nguzo na kunyoosha mkono.

Mvua zilipokwisha, asubuhi moja Consolatha alikuta nguzo haina mtu. Hakupiga yowe. Alitoka kimya, akaenda kwanza kwenye maji.

Irakoze alikuwa kando ya karai, ndani ya ua, na Koleta ameketi karibu naye akichambua maharage. Mtoto alipomwona Consolatha, alinyoosha mkono kama kawaida yake. Mkononi alishika kopo. Alikuwa akimpa, ili na yeye amimine.