Mama Hataki Kutangazwa

Kila Jumanne asubuhi mama alivaa viatu mapema, akaketi karibu na mlango, fimbo mkononi, kumngoja mkwe wake. Alikuwa mkunga mstaafu. Goti lake la kulia lilifanyiwa upasuaji, na mara moja kwa wiki alikwenda kwa basi hospitalini, kufanyishwa mazoezi.

Binti yake alikuwa hatua tano tu kutoka pale, mbele ya cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi.

"Mama, mimi nipo," alisema. "Ningekupeleka."

"Una kazi zako, mwanangu. Mkwe wangu anakuja."

Mkwe wangu. Neno hilo lilimchoma Fundi kama sindano chini ya ukucha. Mkwe huyo alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, mwoka mikate. Alimaliza zamu alfajiri, akaja moja kwa moja kumchukua mama. Walitoka wakicheka. Walirudi wakicheka.

"Mimi nililala katika tumbo lile miezi tisa," Fundi aliwaza. "Yeye kaja juzi na masanduku mawili, leo ndiye mkongojo wa mama."

Siku moja wifi alipelekwa na kiwanda cha mikate kwenye mafunzo ya wiki tatu. Fundi hakuificha furaha yake. Jumanne ilipofika, alifunika cherehani, akavaa gauni la kutokea.

"Leo utaona," alimwambia mama. "Kiti utapata kabla hujauliza."

Basi lilipofika lilikuwa limejaa. Viti vinne vya mbele vilipakwa rangi ya njano na kuchorwa mtu mwenye fimbo. Kimoja kilikaliwa na kijana aliyeziba masikio kwa muziki.

"Wewe kijana," Fundi alipaza sauti, "kwenu huna mama? Humwoni bibi kizee huyu? Goti bovu, kapasuliwa juzi, hata kusimama hawezi."

Basi zima liligeuka. Kijana alichomoa visikizi vya masikioni, akasimama.

"Ungesema tu, dada. Mimi si kiziwi."

"Kaziba masikio, anasema si kiziwi," alisema abiria mmoja. Watu wakacheka.

"Adabu huna," Fundi aliendelea. "Vijana wa siku hizi mmekuwa magogo."

Walipokuwa wakijibizana, basi liliondoka. Mama bado alikuwa amesimama. Aliyumba. Fundi alimdaka mkono, akamvuta kwa nguvu, akamsukuma mpaka kiti cha dirishani apate upepo. Pale hapakuwa na nafasi ya kunyoosha mguu. Safari nzima Fundi aliwaeleza abiria jinsi goti lilivyopasuliwa. Mama alitazama nje.

Kituo kimoja kabla ya hospitali, mama aliinuka, akashuka.

"Mama, bado hatujafika."

"Hospitali naijua ilipo. Nimefanya kazi pale miaka thelathini na moja."

Alitembea akichechemea, mbele, bila kugeuka.

Waliporudi nyumbani, mama alivua viatu akasema, "Jumanne ijayo siendi. Nitamngoja mkwe wangu."

"Mama, daktari alisema ukikosa mazoezi goti litakakamaa."

"Likakamae."

"Nimekosa nini? Si nimekupatia kiti?"

"Umenipatia kiti, umeninyang'anya heshima. Nusu ya watu wa mji huu nimewapokea kwa mikono hii. Leo umewatangazia kwamba siwezi kusimama."

Fundi aliinama juu ya cherehani, lakini uzi ulikataa kuingia kwenye tundu. Goti la mama litakakamaa kwa sababu yake. Na hata hapo, katikati ya majuto, wivu ulimnong'oneza: wifi anawapa nini watu wa basi?

Alhamisi alikuwa na sare za kupeleka shuleni. Akapanda basi lile lile, akakaa mbele, akaweka furushi pembeni. Kondakta alikuwa yule yule wa Jumanne, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni.

"Dada kondakta," Fundi aliuliza, "yule mwanamke anayemleta mama mwenye fimbo kila Jumanne, anawapa nini abiria wako hata wampishe?"

"Hawapi kitu. Hata kelele hawapi."

"Sasa mama anampendea nini?"

"Hilo kamuulize mama. Mimi nakwambia ninachokiona. Wakipanda, yeye huwa nyuma, mama akiteleza amdake. Wakishuka, hutangulia yeye. Na hamvuti. Anatoa mkono wake, mama anaushika mwenyewe. Mzee ukimvuta unamwondolea mizani yake, hapo ndipo anapoanguka."

"Na kiti?"

"Anamwendea mtu mmoja wa karibu. Anasema polepole, 'Samahani, ndugu yangu, naomba utupishe hapa.' Basi. Hataji goti, hataji uzee. Mtu mmoja ukimwomba, anasimama. Ukiwagombeza thelathini, kila mmoja anamtazama mwenzake. Tena anachagua kiti cha upande wa njia, mguu upate pa kunyooka. Mama akishakaa, yule mwanamke ananitikisia kichwa. Kabla ya hapo filimbi siipulizi. Basi linapoondoka na linapofunga breki, mzee aliyesimama huenda chini. Mfupa ukivunjika uzeeni, kuunga ni kazi."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Sasa na mimi nikuulize. Umekaa kiti gani?"

Fundi alitazama chini. Njano. Alitazama furushi lake. Lilikuwa limekalia njano nyingine. Kando yake alisimama mzee mmoja, ameshika bomba kwa mikono miwili, mfuko ukining'inia kwenye kiwiko.

"Sikumwona," Fundi alisema.

"Ndivyo wanavyosema wote. Yule kijana wako wa Jumanne naye hakumwona mama yako."

Fundi alilivuta furushi lake. Aliinuka kwanza, ndipo akasema, kwa sauti ya chini, "Samahani, mzee wangu. Karibu ukae."

"Kaa tu, mwanangu. Naona mzigo wako umechoka."

"Mzigo huu bado kijana, mzee. Utasimama."

Mzee alicheka, akakaa. Fundi alibeba furushi kifuani mpaka shuleni.

Jumanne ilipofika, mama hakuvaa viatu. Fundi aliviweka mbele yake.

"Twende, mama. Nikitaja ugonjwa wako hata mara moja, shuka uniache."

"Wewe na kunyamaza?"

"Nijaribu."

Mama alichukua kiatu cha kwanza.

Fundi alipanda nyuma ya mama. Alitoa mkono, hakuvuta. Alimwinamia mwanamke mmoja aliyekuwa akisoma simu. "Samahani, dada yangu, naomba utupishe hapa." Mwanamke alisimama. Mama alikaa, akanyoosha mguu. Fundi alitikisa kichwa. Filimbi ikalia.

Baada ya vituo viwili mama aliuliza, "Leo umekunywa dawa gani?"

Fundi alicheka. Mama naye alicheka. Siku hiyo walishuka mbele ya lango la hospitali.

Wifi aliporudi kutoka mafunzoni, Jumanne ilimkuta mlangoni, unga bado mikononi.

"Mama, twende."

"Leo nakwenda na mwanangu," mama alisema.

Tabasamu la wifi lilikwama. "Ama kweli, wifi. Wiki tatu tu umeshaniibia mama."

Alisema kama mzaha, lakini macho hayakucheka. Fundi aliutambua uso ule. Alikuwa ameuvaa yeye mwenyewe miezi saba, kila Jumanne wifi alipomchukua mama. Kusema ukweli, alifurahi. Alifurahi kwa muda wa kufunga mkoba.

"Nimeiba kazi yako pia," alimwambia. "Kondakta kanisimulia kila kitu. Twende wote."

Kituoni mama alinyanyua mguu wa kulia, akaupandisha kwenye ngazi ya basi bila kuuinua kwa mkono. Mwezi uliopita hakuweza. Msichana mmoja alisimama kabla hajaombwa, na mama akamshukuru. Fundi na wifi walibaki wamesimama, mmoja kila upande.

Jirani wa kiti aliwatazama. "Mama, kati ya hawa binti yako ni yupi?"

"Wote," alisema mama, akatazama nje kuhesabu vituo.

Fundi alitaka jibu jingine. Wifi naye, ukimtazama vizuri, alitaka jibu jingine. Walishika bomba moja, bega kwa bega, mpaka hospitali.