Aliyekaribishwa Kitini

Mnukuzi alikwenda kunywa maji, na aliporudi akakuta kiti kina joto. Ni jua, akajisemea, ingawa jua lilikuwa bado upande wa pili wa nyumba.

Miaka mitatu alikuwa amefanyia kazi kitandani, kompyuta mapajani, akisikiliza sauti za madaktari na kuziandika, mpaka mgongo ukagoma. Mtaalamu wa viungo akamwambia atafute kiti cha kuegemea, ainue kioo cha kompyuta kifike usawa wa macho, na kila nusu saa asimame ajinyooshe. Mumewe akatoa ndoo na mabegi stoo, akapaka rangi, akaingiza meza na kiti. Maumivu yakapungua.

Kisha likaja hilo joto. Ikafuata harufu, kama ya nywele mbichi zilizochomwa. Halafu kiti kikawa kinapandishwa. Kila akirudi, miguu yake inaning'inia.

"Wewe ndiye unayechezea kiti changu?" alimwuliza mumewe.

"Mimi? Kina vishikio vingi kuliko gari, nakiogopa."

Hakucheka. Asubuhi ile, akiwa jikoni, alikuwa amesikia vitufe vya kompyuta vikibonyezwa, kwa kasi yake yeye mwenyewe, na aliporudi alikuta ukurasa mzima umeandikwa bila kosa.

Wakamwita shangazi wa mumewe, anayeyajua mambo hayo. Alifika mlangoni mwa stoo, akakataa kuvuka kizingiti.

"Mwanangu, ulimkaribisha?" alinong'ona.

"Sijamkaribisha mtu, shangazi."

"Fikiri vizuri."

Akakumbuka. Siku ya kwanza ya kukitumia kiti, vipokea sauti vikiwa masikioni, alihisi mtu amesimama nyuma yake. Alidhani ni mumewe. Hakugeuka. Alisema tu, kama yeyote angesema, "Karibu, keti," kisha akanyanyuka kwenda kunywa maji.

"Basi ndiyo ameketi," shangazi alisema. "Akishakizoea kiti atataka na vingine. Kazi yako, nyumba yako, mume wako. Kesho ukae wewe, toka jua linachomoza mpaka lizame. Usinyanyuke. Akikosa pa kukaa ataondoka."

"Na mgongo wangu?"

"Mgongo utauuguza baadaye."

Akakaa. Kila nusu saa simu ililia kumkumbusha asimame, naye akaizima, na kufikia alasiri maumivu yalikuwa yameshuka kutoka kiunoni hadi visiginoni, harufu ya nywele ikawa nzito mpaka macho yakamtoka machozi, na nyuma yake kitu kikawa kinazunguka polepole, kikisimama, kikizunguka tena, kikipumua juu ya utosi wake kama mtu aliye kwenye foleni anayeona zamu yake imekaribia, na yeye akashika meza kwa mikono miwili, akahesabu dakika zilizobaki, asigeuke.

Zilibaki kumi na mbili. Kwenye kioo cha kompyuta, kikao cha video cha jioni na wenzake wa kazini kilikuwa kinamalizika.

"Haya jamani," msimamizi alisema, "tusimame tujinyooshe kabla ya kuagana."

"Samahani bosi. Leo mimi nabaki nimekaa."

Msimamizi akacheka. "Acha utani, mbona nakuona umesimama? Ila huyo aliyekaa mbele yako mwambie asogee, anakuziba."

Mnukuzi alikaza vidole kwenye meza ajihakikishie. Havikugusa meza. Vilikuwa vimeshika mgongo wa kiti, kwa nyuma, na kiti kilikuwa cha moto.