Vidonge Vipya vya Silantoi

Kila asubuhi kabla ya chai, mkwe wangu Nosim alimpa binti yake Silantoi kidonge cha kifafa. Alifunga mlango kwanza. Majirani zetu wa Moshono waliambiwa mtoto anaumwa kichwa, basi. Dawa Nosim aliifuata Kikatiti, siku ya soko. Kule hakufahamika.

Miaka ile biashara na nchi za nje ilikuwa imefunguliwa, vitu vya kila aina vikaingia. Siku moja muuza dawa akampa vidonge vya jina jingine na rangi nyingine, kwa nusu ya bei.

"Ni dawa ile ile, mama. Mgonjwa ni nani, nikueleze?"

"Nimetumwa tu," Nosim akajibu, akaondoka upesi.

Nyumbani akavigeuza kiganjani, akaniambia, "Mama, betri za bei chee hata wiki hazimalizi. Hivi navyo vitakuwa na nguvu gani?"

Vile vya zamani vilikuwa vimebaki. Akawa anampa mtoto cha zamani na kipya pamoja, ili vipya visaidiwe.

Kipaimara kilikuwa kimekaribia. Siku moja Nosim alimsindikiza Silantoi kwenye mafundisho, mtoto akayumba. Akasema anaona wachungaji wawili badala ya mmoja. Anaeli, mzee wa kanisa, akacheka.

"Mama Silantoi, huyu ameonja mbege? Mlevi habarikiwi hapa!"

Nosim akainamisha kichwa. Aliona afadhali mtoto aitwe mlevi kuliko watu wajue ana kifafa. Silantoi alimtazama mama yake, akasubiri. Kisha akatoka nje peke yake.

Nikamwita jirani yetu, nesi Evaresta. Akashika paketi zote mbili.

"Mama Silantoi, soma hapa, maandishi madogo."

"Ka... karbamazepini."

"Na hapa?"

"Karbamazepini." Nosim akakaa chini.

"Jina kubwa ni la kiwanda. Hili dogo ndilo la dawa. Kiwanda cha kwanza kilikuwa na haki ya kuitengeneza peke yake. Muda wake ukaisha, vingine navyo vinatengeneza, bei imeshuka. Nguvu ni ile ile. Umempa dawa mara mbili! Twende kwa daktari sasa hivi. Wala usiikatize ghafla, ataanguka vibaya. Na siku nyingine ukibadilishiwa paketi, uliza."

"Ningeulizaje, dada? Nilisema nimetumwa."

"Basi aibu ndiyo iliyomlevya mtoto."

Daktari alimpima, akasema atumie vile vipya tu, kwa kipimo chake cha siku zote. Kizunguzungu kikaisha.

Siku ya mwisho ya mafundisho, Nosim akasimama mbele ya wazazi.

"Binti yangu si mlevi. Ana kifafa. Mimi nilikosea dawa. Na alipochekwa, nilinyamaza."

Mama mmoja akamvuta mwanawe kando.

"Hakiambukizi, mama," Evaresta akamwambia.

Anaeli akakohoa. "Ungesema tu, mama."

"Niliona haya."

Silantoi akamvuta mama yake kitenge. "Basi, mama, kaa. Wamesikia."

Jumapili alipata kipaimara pamoja na wenzake. Siku hizi anakwenda dukani mwenyewe, anataja dawa kwa jina lake dogo. Akiulizwa ni ya nini, anasema. Nosim bado huona haya kidogo. Silantoi haoni.