Kata ya Alute

Kabla ya habari za jini, lisemwe kwanza kosa, maana wengi wanaosimulia mambo haya huanzia kwenye jini na kosa wakaliruka. Damari ndiye aliyeitundika kata ya Alute kwenye msumari wa stoo. Aliitundika juu, mahali ambapo Alute mwenyewe asingefika hata angepanda ndoo. Aliitundika kwa mkono wake, akiwa na akili zake timamu, siku ya jua kali, kwa sababu alitaka kulala.

Damari alikuwa mlezi kwenye kituo kimoja nje kidogo ya Iguguno, pale mashamba ya alizeti yanapoanza. Kituo kilitunza watu wenye ulemavu wa akili na wenye usonji, wakubwa kwa wadogo, ambao ndugu zao walishindwa kukaa nao. Alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya ya akina mama, na hakuanza kazi asubuhi bila kusali. Ungemwuliza kama anawapenda wale watu angekujibu kwamba anawapenda, na asingekuwa anakudanganya.

Alute aliletwa na baba yake, mzee Kefa, kutoka Ikungi, baada ya mama yake kufariki. Alikuwa binti mkubwa, mrefu, asiyesema hata neno moja. Mzee Kefa alimkabidhi kwa Damari pamoja na nguo zake na kata ya kibuyu, ile ya kuchotea maji mtungini, mpini wake umeng'aa kwa kushikwa.

"Mama, huyu hasemi, lakini maneno anayo," alisema mzee. "Akiigonga hii mara mbili, anataka maji. Akiigonga ovyo bila kupumzika, kuna kelele inamwumiza, mtoe nje. Akiiweka kichwani kama kofia, ameridhika, mwache."

"Nimekuelewa, baba."

"Usimnyang'anye tu. Ndiyo mdomo wake."

"Baba, nimekuelewa. Nenda kwa amani."

Sasa kituo kilikuwa na utaratibu wake. Baada ya chakula cha mchana watu wote walifungiwa bwenini walale, na kuanzia hapo hadi jioni hakuna aliyepewa maji. Wakinywa mchana watakojoa usiku, wakikojoa mablanketi yatataka kufuliwa, na maji ya kufulia mwezi wa Oktoba yanatoka mbali kwa mkokoteni wa punda. Hakuna aliyeona kwamba ni ukatili. Siku za wageni utaratibu ulilegezwa, watu wakavalishwa nguo nzuri, soda zikatoka, na wageni wakaondoka wakisifu.

Alute aliigonga kata yake kwenye chuma cha kitanda. Ko, ko. Akatulia. Ko, ko. Mama Winfrida, msimamizi, akachungulia kutoka chumbani kwake na kitambaa kichwani.

"Damari, hebu mwambie huyo seremala wako apumzike. Hata kiwandani wanapumzika."

Ndipo kata ikapanda msumarini. Alute akaanza kugonga ukuta kwa vidole, kisha kwa paji la uso, mpaka Mama Winfrida akaogopa na kumwita Mzee Ezekieli, mganga wa kupunga majini, anayejulikana hadi Ulemo. Mzee Ezekieli alimkuta Alute amekumbatia dumu tupu, akilinusa mdomoni. Akatikisa kichwa.

"Hili ni jini la maji," alisema. "Ukimnywesha huyu binti unalinywesha lenyewe. Mnyimeni maji, mkazieni mpaka lichoke, litatoka."

Neno lile liliwafaa. Hakuliamini sana, Damari, Mungu anajua. Ila lilimfaa, maana kile walichokuwa wakikifanya kwa ajili ya mablanketi sasa kiliitwa dawa. Joto likazidi, Alute akashikwa na homa, nao wakamkazia. Mchana mmoja kugonga kukakoma. Damari aligeukia upande wa pili wa kitanda chake, akamshukuru Mungu kwa utulivu, akalala. Alipofungua bweni jioni alimkuta Alute amejilaza pembeni, midomo yake imegusa saruji ya ukuta, mahali penye ubaridi.

Mzee Kefa alikuja kuchukua mwili. Hakugomba na mtu. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kata yake iko wapi, mama?"

"Ilivunjika, baba," alisema Damari.

Mambo yalianzia kwenye mtungi wa jikoni. Damari aliujaza wakati wa chakula, akaufunika, na alipofunua saa ya chai maji yalikuwa yameshuka kiasi cha kiganja. Mtungi haukuwa na ufa, na chini palikuwa pakavu. Mama Winfrida alipoona, akacheka puani.

"Damari, siku hizi unaoga jikoni?"

"Sijayagusa, mama."

"Basi wameyanywa panya. Na wakakufunikia."

Kesho yake ilikuwa vilevile. Kisha ikaja harufu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua, vumbi limesimama njiani, mawingu hayapo hata ya dawa, lakini kwenye korido ya bweni palinuka mvua ya kwanza, ile harufu ya udongo mkavu unapopata maji. Damari alisimama akainusa. Harufu haikukaa mahali pamoja. Ilimpita taratibu, kama mtu anayepita na ndoo, ikaelekea stoo.

Kutoka stoo akasikia. Ko, ko.

Alifungua mlango huku akisema jina la Yesu. Dirisha lilikuwa limefungwa, hewa imetulia, na kata ilikuwa ikining'inia pale juu kwenye msumari wake, ikiyumba polepole, ikigusa ukuta.

Hakumwambia mtu, kwa sababu kumwambia mtu ingekuwa kusema kwamba kata ipo.

Aliyemfungua macho alikuwa Gasto. Huyu alikuwa mwanamume mnene, mwenye usonji, ambaye kazi yake kutwa ilikuwa kupanga vizibo vya soda sakafuni kwa mistari, na Alute alizoea kukaa mwisho wa mstari wake bila kuuvuruga. Mchana ule Damari alisikia hatua bwenini wakati watu wamelala, akaenda bila viatu, akatia jicho kwenye upenyo wa mlango, akamwona Gasto amekaa kando ya kitanda kitupu cha Alute, ameshika kikombe cha plastiki cha maji ambayo Mungu ndiye aliyejua aliyaficha wapi tangu asubuhi, amekinyoosha mbele yake kwa mikono miwili kama mtu anayemnywesha mgonjwa, na mbele yake hapakuwa na mtu, lakini kikombe kililala kidogo kikashikwa kisimwagike, na ndani ya ukimya ule wa jua kali Damari akasikia koo likimeza, funda baada ya funda, kwa pupa, kama ng'ombe aliyefika bwawani baada ya safari ndefu, na kila funda lilipopita maji yakashuka kikombeni mpaka yakaisha.

"Gasto," alinong'ona. "Gasto, unampa nani?"

Gasto hakugeuka. Wala hakuwa na hofu.

"Anakunywa," alisema. "Anakunywa. Anakunywa."

Nyuma ya Damari kitu kizito kilianguka. Alikuwa Mama Winfrida, amemfuata, ameona, ameketi sakafuni kama mzigo.

"Mwiteni Ezekieli," alisema kwa sauti isiyo na nguvu. "Mwiteni leo hii."

Mzee Ezekieli alikuja na ubani wake na mkia wake wa ng'ombe. Alisikiliza, akatabasamu kama mtu aliyeletewa mzigo anaoufahamu.

"Niliwaambia ni la maji. Binti amekwenda, lenyewe limebaki linatafuta pa kunywa. Mwageni yote. Asubuhi wanywesheni watu wenu, halafu lisibaki hata tone ndani ya ua huu."

Wakamwaga. Mtungi ukalazwa, ndoo zikafudikizwa, tangi likafunguliwa bomba mpaka ardhi ikanywa na kukauka tena. Ilipofika saa ile ya kulala, Mzee Ezekieli alisimama katikati ya bweni, moshi wa ubani umejaa mpaka darini, Mama Winfrida kwenye kona, Damari mlangoni, Gasto amejikunyata juu ya vizibo vyake.

"Wewe uliyemo humu," aliita, "sema jina lako."

Ko, ko.

Sauti ilitoka kwenye chuma cha kitanda kile kitupu.

"Sema umetumwa na nani."

Ko, ko.

"Sema unataka nini."

Ko, ko.

"Lina kiburi," alinong'ona Mama Winfrida. "Halitaki kusema."

Damari peke yake mle ndani alikuwa ameambiwa lugha ile, na mzee Kefa alimwambia kwa upole, na yeye akajibu nimekuelewa, tena mara mbili, na sasa maneno yalikuwa yamemjaa kinywani, si jini, baba, ni Alute, anaomba maji, hajui kwamba amekufa, anajua tu kwamba ana kiu, na kuyasema maneno hayo kungekuwa kusema pia kata iko wapi, na kwa nini iko huko, na nani alilala usingizi siku ile, kwa hiyo akayameza, akatazama chini, na mganga akaendelea kuuchapa ukuta kwa mkia wake, akichapa pale pale pa saruji penye ubaridi, na kugonga kukawa kunafifia, kunasogea mlangoni, kunampita Damari ubavuni na ile harufu ya mvua, kunatoka uani kwenye jua, mbali, mbali zaidi, ko, kisha ko, kisha hakuna.

"Limetoka," alisema Mzee Ezekieli, akajifuta jasho.

"Mungu ni mwema," alisema Mama Winfrida.

Gasto alikuwa analia bila sauti, ameshika kikombe kitupu.

Watu walilala vizuri mchana uliofuata. Damari hakulala. Aliingia stoo, akapanda ndoo na juu yake kigoda, akaishusha kata. Akaijaza maji, akaiweka kizingitini mwa bweni, akasubiri. Kisha akaishika mpini na kuigonga mwenyewe kwenye fremu ya mlango, mara mbili. Alisikiliza mpaka masikio yakamwuma. Maji yalibaki yalivyo. Jioni yalikuwa na vumbi juu na nzi mmoja amekufa ndani. Alirudia kesho, na keshokutwa. Gasto alikaa karibu, akiyatazama.

"Anakunywa?" aliuliza.

"Hapana, Gasto."

Walimfukuza Alute mara ya pili, na mara hii alikuwa amesikia, akaenda zake.

Akaomba ruhusa, akapanda basi mpaka Singida, akaunganisha la Ikungi, kata ameifunga ndani ya khanga. Mzee Kefa alikuwa anapura uwele. Alipomwona aliweka fimbo chini, akamtolea kigoda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu."

Damari akafungua khanga. Mzee akaitazama kata bila kuigusa.

"Haikuvunjika," alisema.

"Haikuvunjika, baba. Niliitundika."

"Aligonga?"

"Aligonga. Baada ya hapo aligonga ukuta."

"Mara mbili?"

"Mara mbili, baba. Mara mbili kila mara."

Mzee akaichukua. Akaingia ndani, na Damari akasikia mfuniko wa mtungi ukiondolewa. Alirudi na kata imejaa, akampa kwa mikono miwili.

"Umetoka mbali na jua. Kunywa."

Alikunywa. Alikunywa huku akilia. Mzee alisubiri mpaka akamaliza.

"Na hao waliobaki," aliuliza, "mchana wanapewa maji?"

Damari akatikisa kichwa, kwa maana saa ile ile walipokuwa wamekaa, bweni lilikuwa limefungwa.

Mzee Kefa akaifuta kata kwa kiganja, akamrudishia mapajani.

"Basi hii si ya kubaki kwangu. Rudi nayo leo."

Nawe uliyesikiliza mpaka hapa, kama una mtu wako aliyewekwa kwenye kituo kama kile, nakuomba. Nenda ukamwone mchana, siku isiyo ya wageni, ugonge mlango wafungue, na umpelekee maji.