Siagi ya Limi

"Usiuguse. Umelala," Maduhu alisema.

Limi akarudisha mkono. "Unga nao unalala?"

"Madamu ndivyo alivyonifundisha. Ukishaukunja, unaufunika kitambaa kibichi, unaulaza penye baridi, ndipo unaukunja tena. Siagi ikiyeyuka kabla ya moto, umepika chapati."

"Na wewe unaamka alfajiri kuubembeleza."

"Nafanya mazoezi. Wewe ndiye utakayebembelezwa."

Hapo ni Geita, mwaka ule aliovishwa taji Malkia wa Uingereza. Maduhu alikuwa mpishi wa Madamu, Mfaransa aliyeolewa na injinia wa mgodi. Limi, binti wa mzee Maige mfugaji, ndiye aliyeleta siagi, ameisuka mwenyewe kwenye kibuyu. Madamu alikuwa na maandazi ya kwao, yenye matabaka membamba kuliko kurasa za Biblia, yakivunjika mdomoni kama jani kavu. Kazi hiyo alimwachia Maduhu kwa sababu moja: mikono yake ilikuwa ya baridi, na mikono ya baridi haiyeyushi siagi.

"Siagi yenu siku hizi ni ngumu, inavumilia kukunjwa," Maduhu alisema. "Mmeipata wapi?"

"Kuna ng'ombe wapya. Masikio yao yamechanwa. Baba kawekewa na rafiki awatunze."

Hapakuwa na ajabu. Wasukuma hawaweki ng'ombe wote zizi moja, ugonjwa ukija usiwamalize.

Maduhu akampa kipande cha andazi. Limi akafumba macho akitafuna.

"Jumapili nampelekea baba yako kama hili," Maduhu alisema. "Nakuja kuposa."

Jumapili ikafika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Maige aliligeuza andazi kiganjani. "Hiki umekipika wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Kwani mama yako hakuzaa binti?" Akamtupia mbwa. "Limi hataolewa na mwanamke mwenzake. Wanaume wa hapa wanashuka shimoni. Nawe shuka, ukae mpaka mavuno, kisha njoo tuongee ng'ombe."

"Utaningoja kweli, baba?"

"Mimi ni Maige. Nikisema nimesema."

Limi alimkimbilia njiani. "Usiende. Hiyo mikono yako si ya nyundo."

"Ni mpaka mavuno tu. Unga nao hulala, Limi."

Mtama ulikuwa bado kukomaa jiwe lilipomshukia Maduhu shimoni. Hospitali wakaukata mkono wa kulia juu ya kifundo. Limi aliposikia alirudi nyumbani anahema. Baba yake alikuwa anakula, mama yake anasuka maziwa.

"Baba, Maduhu amekatwa mkono."

"Masikini." Maige akamega ugali. "Sasa atashikaje jembe? Na wewe jiandae. Mavuno yakiisha, Donatus anakuja kukuchukua."

"Donatus mchuuzi wa ng'ombe? Hajaleta hapa hata ndama."

Maige akaendelea kutafuna. Kibuyu cha mama kikanyamaza.

"Mayu?" Limi alimgeukia mama yake.

"Ni hao unaowakamua kila siku, ng'wanawane, mwanangu. Wa masikio yaliyochanwa. Ndiyo mahari yako. Waliingia zizini kabla kijana hajaja kuposa."

Limi akaketi chini, palepale mlangoni.

"Baba, ulisema ni wa kutunza."

"Ningekwambia ukweli, ungewakamua?"

"Na Maduhu ulimwambia utamngoja."

"Nilidhani atachoka, arudi kwao. Jiwe sikulituma mimi."

Limi akainuka. Alichukua fimbo ya baba yake, akafungua zizi, jua likiwa juu na majirani wanatazama. Akawachambua mmoja mmoja wenye masikio yaliyochanwa, akawatoa na ndama wao.

"Ukipita mti huo wa zizi na mahari ya watu," Maige alisema, "usirudi kwangu."

Akapita.

Wanawake waliokuwa wakipalilia waliacha majembe. Nani aliwahi kuona binti anaswaga mahari yake mwenyewe? Donatus alimkuta mlangoni kwake, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Wako wote. Na waliozaa, na ndama."

"Baba yako anajua?"

"Ameniona nikitoka."

"Unaniacha mimi kwa mtu wa mkono mmoja, Limi?"

"Kwa mpishi."

Maduhu alikuwa amelala kwenye kibanda karibu na hospitali. Alipomwona Limi, akageukia ukutani.

"Rudi kwenu. Uliobaki ni wa kushoto. Hauwezi kukunja."

"Mimi ninayo miwili."

"Yako ni ya moto."

"Nitaichovya majini. Wewe utakuwa unaniambia." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Ile siagi uliyoisifu, Maduhu, ilikuwa mahari yangu. Ya Donatus."

Maduhu akageuka kutoka ukutani. Kisha akacheka, mabega yakitikisika.

"Basi Madamu amekula mahari yako yote na chai."

Kicheko hakikukoma vizuri. Kiligeuka kilio, na Limi akamshika kichwa mpaka kikaisha.

Padri aliwafungisha ndoa baada ya mavuno, bila ng'ombe na bila ngoma. Upande wa bibi harusi benchi lilikuwa tupu. Wanatoka kanisani ndipo mama yake akatokea, mtungi kichwani. Nyumbani alikuwa ameaga anakwenda kisimani. Chini ya kanga alikuwa na kibuyu.

"Sikai," alisema. "Baba yako atauliza maji."

Maduhu akachovya kidole cha kushoto kwenye ile siagi, akaibonyeza taratibu.

"Ngumu hii. Ya ng'ombe yupi, mama?"

"Yule mweusi wetu." Mama akajitwika mtungi wake. "Masikio yake mazima."