Wino Usiostahimili Mvua

Palipokuwa na mashine palibaki mraba safi katikati ya meza iliyojaa vumbi. Inspekta Kabasele aliutazama mraba ule, kisha akafungua daftari lake.

"Iliibwa saa ngapi?"

"Kati ya saa sita na saa nane," alijibu Kabeya, mwenye duka la uchapaji. "Tulienda kula. Kurudi, haiko."

"Mlango ulivunjwa?"

"Hapana. Muchana hatufungake na ufunguo. Kasanda njo analinda, ndiye mulinzi."

Jasho lilikuwa limelowesha kola ya abakosi ya Kabeya, koti lile la kiofisa lisilovaliwa tai. Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa Mei 1989. Maniema ilikuwa imepewa hadhi ya mkoa mwaka mmoja tu nyuma, na Kindu ikashikwa na njaa ya makaratasi: barua zenye vichwa, vyeti, mialiko, ratiba za sikukuu ya Chama. Kabeya aliiona njaa hiyo kabla ya wenzake. Akaagiza kwa ndege, kutoka Kinshasa, mashine ya kuchapa kwa kutema wino, ya kwanza mjini.

"Nieleze inavyofanya kazi."

"Iko na matundu, shefu, membamba kupita unywele. Wino unapashwa moto ndani, unatoa povu, povu inasukuma tone. Haigonge karatasi. Zile za sindano, za kugonga utepe, soko lao linakufa. Hizi zinashuka bei kila mwaka. Na faida haiko mu mashine, iko mu kikopo cha wino! Mwenye kununua moja atarudi kwa wino miaka kumi." Alisahau kwamba ameibiwa, akaisifu kama bwana harusi anavyomsifu bibi harusi.

Kwenye fremu ya mlango Kabasele aliona alama nyeusi za vidole viwili. Zilikuwa zimepakazwa mno, haikuwezekana kusoma mistari yake. Akaandika: *kielelezo cha kwanza*. Kisha akamwita Kasanda, mlinzi.

"Nani alipita hapa mchana?"

"Hakuna muntu, shefu."

"Hata mmoja?"

"Mama wa mikate peke yake. Alikuja na beseni yake kama siku zote, akatoka."

Kalamu ya Inspekta ilisimama.

Mama wa mikate ya mafuta alikuwa Kankolongo. Na Kankolongo alikuwa mama yake Bitota, mke wa Inspekta Kabasele. Kwa watu wao wa Kasai, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake. Akikutana naye njiani, hukanyaga majani ili ampishe. Kabasele alikuwa ameoa miaka saba na hakujua macho ya mama yule yana rangi gani. Sasa amwite kama shahidi, amsimamie mbele, amuulize "ulikuwa wapi"? Uso ulimwaka moto kwa kuwaza tu.

Akaandika: *Hakuna aliyepita.*

Maneno mawili. Baadaye, kila alipoyakumbuka, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mshukiwa hakuwa mbali. Ng'ambo ya barabara alikuwapo mzee Onema, mchapaji wa zamani anayepanga kwa mkono herufi za madini ya risasi, ambaye wateja wake wote walikuwa wamehamia kwa Kabeya. Majirani walikuwa wamemsikia akisema mashine ile haitafika Krismasi. Kabasele alimkuta sokoni, mbele ya wauza samaki, akichagua kambale. Akamshika mkono, akakifungua kiganja.

Vidole vyote vilikuwa vyeusi.

"Tazameni!" alisema Inspekta, akiuinua mkono ule juu ili soko zima lione. "Mwizi amejiandika mwenyewe!"

Watu walizomea. Mtu mmoja alimtupia mzee magamba ya samaki. Onema alikuwa na miaka sitini na minne, na ndiye aliyechapa kadi za harusi za Kabasele, akakataa kulipwa kwa kuwa baba mkwe wa kijana, Tshimanga wa reli, alikuwa rafiki yake. Inspekta alilikumbuka hilo alipokuwa akimfunga pingu, lakini hakusita.

Ofisi ya mwendesha mashtaka, ile ambayo watu wa Kindu huiita parke, ilipokea faili kwa furaha. Mkoa ulitaka kesi imalizike kabla ya sikukuu. Onema angepandishwa treni ya Jumamosi kwenda gereza la kusini. Na kila mtu pale ofisini alijua kwamba mtu akishapanda treni ile, faili lake huchukua mwaka mzima kumfuata, na wazee wengine hawangoji.

Ijumaa asubuhi Kabasele aliingia mahabusu kuchukua maelezo ya mwisho.

"Umeificha wapi?"

"Sina mashine."

"Vidole vyako vinasema."

"Basi uvisikilize vizuri. Nipe maji na sabuni."

Inspekta aliagiza ndoo. Mzee akasugua mikono yake mpaka sabuni ikaisha nusu. Maji yalibaki meupe, na vidole vyeusi.

"Wino wangu njo wa mafuta," Onema alisema. "Miaka arobaini sijautoa na maji. Unatoka na petroli tu, na hata petroli inaacha kidogo. Ule wa mulangoni, umeugusa na maji?"

"Bado."

"Njo kazi yako, ao njo yangu?"

Kabasele alikwenda mpaka dukani kwa Kabeya, akalowesha leso yake nyeupe, akaigusisha kwenye zile alama. Wino ulihama mara moja, kama uliokuwa ukisubiri kuitwa. Ukasambaa kwenye leso, mweusi katikati, na pembeni ukaacha ukingo wa buluu.

"Kabeya! Wino wa mashine yako unayeyuka kwa maji?"

Kabeya aliangalia viatu vyake. "Kwa sasa, ndiyo. Wanasema watatengeneza mwingine mugumu. Ukiilaza mashine upande, unavuja pia."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na hukuwaambia wateja?"

"Shefu, nani angenunua?"

Kwa hiyo aliyegusa mlango ndiye aliyeibeba mashine, naye hakuwa Onema. Hapo mpelelezi angefurahi. Kabasele hakufurahi, maana macho yake yalikuwa yameganda kwenye ukingo ule wa buluu. Alikuwa ameuona kabla. Aliuona kwenye shati lake mwenyewe.

Ilikuwa wiki mbili zilizopita, siku ya kutoa matanga ya Tshimanga, baba yake Bitota, aliyeendesha treni miaka thelathini na moja. Makaratasi yalikuwa juu ya mkwe, ndivyo ukoo ulivyopanga. Onema alikuja mwenyewe kusema atayapanga kwa herufi za risasi, kwa heshima ya rafiki yake. Kabasele alimshukuru, kisha akaenda kwa Kabeya. Alitaka watu waseme mkwe wa Tshimanga ni mtu wa kisasa! Basi kadi zikachapwa, jina la marehemu likang'aa, kila mgeni akabandikwa moja kifuani juu ya nguo nyeupe, na kubwa yao ikabandikwa kwenye msalaba wa kaburi.

Mvua ikanyesha. Jina la Tshimanga likaanza kutiririka. Lilishuka vifuani mwa watu na kwenye msalaba, likaacha michirizi yenye kingo za buluu. Mlevi mmoja akapaza sauti: "Oneni, Tshimanga analia wino!" Watu wakacheka makaburini. Na Kabasele, ili asionekane kuwa yeye ndiye aliyeaibika, alicheka pamoja nao.

Alitembea kwenda nyumbani akijua, lakini akijikataza kujua. Alizunguka mlango wa nyuma kama kawaida, kwa kuwa kila Ijumaa mama mkwe huja kumwona binti yake. Alimsikia akitoka uani. Akainamisha kichwa, kama adabu inavyotaka. Na kwa kuwa macho yake yalikuwa chini, yaliona kile ambacho yasingekiona yangekuwa juu: pindo la kitenge cha mama yule lilikuwa na doa jeusi lenye ukingo wa buluu.

Haya iliyomfumba macho Jumatano ndiyo iliyomfumbua Ijumaa.

"Bitota," aliita, akiugeukia ukuta. "Mwambie mama asiondoke. Nina swali."

"Swali gani, baba Édouard?"

"Swali la kazi."

Bitota alisimama katikati yao, mumewe akiwa amempa mgongo, mama yake akiwa amejifunika uso kwa leso.

"Muulize mama Jumatano mchana alikuwa wapi."

"Mama, anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie nilikuwa kwa Kabeya, nikiuza mikate."

"Muulize alitoka na nini ndani ya beseni."

Bitota hakuuliza. "Unamfanya nini mama yangu?" alisema.

"Muulize tu. Kesho treni inaondoka na muntu."

Sauti ya mama mkwe ikaja moja kwa moja, bila kupita kwa binti.

"Mukwe, geuka."

"Siwezi, mama."

"Geuka, uniangalie. Haya yetu imeshamufunga muntu wa bure. Tutaiweka wapi tena?"

Kabasele aligeuka. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba aliuona uso wa mama aliyemzalia mke. Ulikuwa uso mdogo, uliochoka, na macho yalikuwa ya kahawia, mekundu kwa kulia.

"Ni mimi," Kankolongo alisema. "Niliitia mu beseni, nikafunika na kitambaa, nikaweka mikate juu. Kasanda alinisalimia. Nikaenda mpaka kivukoni, nikaitupa mu Lualaba."

"Kwa nini, mama?"

"Unauliza kwa nini? Na wewe ulikuwapo?" Alijipangusa kwa pindo lile lile. "Bwana yangu aliendesha treni miaka makumi tatu na moja, hakuna aliyemucheka. Siku ya kumuaga, jina lake linashuka kama maji ya kufulia, watu wanacheka. Nilienda kwa Kabeya, nikamuomba aandike tena. Akanicheka na yeye. Eti, 'Mama, hii njo maendeleo, usitembee nayo mu mvua.' Muntu anakufa, anachapwa na wino ambao hauwezi hata mvua moja?"

"Ungeniambia."

"Kwa mudomo gani? Wewe njo ulileta zile karatasi. Ningemwambia mukwe kwamba zawadi yake imeniaibisha? Na nilikuona ukicheka, mwanangu. Nilikuwa nyuma ya leso yangu, nikakuona."

Hakuwa na pa kuuficha uso. Alitamani ile mila ya kutotazamana irudi, imfunike kama shuka.

"Na Onema alipokamatwa?"

"Njo dhambi yangu kubwa. Kila saa nilisema nitaenda kusema. Lakini kusema nimeiba ni kusema sababu, na sababu njo wewe. Nikaona haya kukuvua nguo mbele ya wakubwa wako." Akamwangalia sana. "Na wewe? Kasanda hakukuambia nilipita?"

"Aliniambia."

"Mbona hukuja kuniuliza?"

"Niliona haya, mama."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawa wawili walificha, kila mmoja kwa heshima ya mwenzake, na heshima yao ikamlaza mzee kwenye saruji siku tatu.

Sheria haikumruhusu Kabasele kuandika maelezo ya mkwewe. Aliyaandika mwenzake Okito, kule ofisini, taratibu, huku mama yule akijibu bila kuyumba. Okito alipofika mwisho, Kabasele alimsogelea.

"Ongeza mstari mmoja juu kabisa. Andika kwamba Jumatano mpelelezi aliambiwa kuhusu shahidi, akamficha."

Okito aliinua kichwa. "Kabasele, hii itakuondolea cheo."

"Andika."

Kisha akachukua funguo, akafungua mahabusu mwenyewe.

"Toka, mzee. Uko huru. Nisamehe."

Onema hakunyanyuka. "Unaniomba msamaha hapa, mu giza, na panya wawili njo mashahidi?"

"Unataka nifanye nini?"

"Ulinikamata wapi?"

Kabasele alielewa, akamwongoza mzee kuelekea sokoni.

Soko lilikuwa limejaa, kama siku ile. Wauza samaki walewale walikuwa mahali palepale. Walipomwona mzee bila pingu walianza kunong'ona. Kabasele alisimama mbele yao, akamshika Onema mkono, akauinua juu kama alivyouinua Jumatano.

"Mkono huu si wa mwizi," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, ikabidi arudie. "Mkono huu si wa mwizi! Weusi huu ni wa kazi. Mashine imechukuliwa na mtu wa nyumbani kwangu, kwa uchungu nilioutia mimi. Niliambiwa, nikanyamaza. Mimi ndiye wa kuzomewa."

Hakuna aliyezomea, na hilo lilikuwa zito kuliko kuzomewa. Mwanamke mmoja alipangusa kambale kwa nguo yake, akamwekea mzee kwenye kiganja kingine. Mvua ilianza kudondoka, matone makubwa, na watu wakakimbilia vibandani. Kabasele alibaki pale, mkono juu, maji yakitiririka juu ya vidole vile vyeusi bila kuchukua hata chembe.

"Shusha sasa," Onema alisema. "Unaniumiza bega. Na kesho uniletee tena jina la Tshimanga, lote, na miaka yake. Nitalipanga."